Akiba Haiozi Ikitunzwa Vema: Maarifa ya Nyumbani kwa Watu wa Thika na Ruiru

Siku ya Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2020, saa moja jioni, daraja la mto Chania katika mji wa Thika liligeuka kuwa mpaka. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu hawataruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Kwa upande wa Kiambu eneo hilo lilikoma darajani. Ruiru, Juja na mji wa Thika vilikuwa ndani. Murang'a ilikuwa nje. Magari ya mizigo na ya chakula yaliendelea kupita, lakini abiria walizuiwa. Amri hiyo haikuondolewa mpaka saa kumi alfajiri ya tarehe 7 Julai, yaani baada ya miezi mitatu.

Mtu aliyekuwa akilala Thika na shamba lake liko Gatanga, ng'ambo ya mto, aliweza kuviona vilima vya upande wa pili, lakini hakuweza kwenda kukata hata mkungu mmoja wa ndizi. Mtu wa Ruiru aliyezoea kupokea gunia la viazi kutoka kwa wazazi wake alitegemea hisani ya dereva wa lori. Na kibarua aliyekuwa akipata mshahara wake siku kwa siku aliona kazi imesimama, na unga uliomo ndani ya nyumba ni wa siku mbili tu.

Mambo kama haya si mageni. Wazee wa Kikuyu waliyapa majina ili yasisahauliwe: kulikuwa na Ng'aragu ya Ruraya mwishoni mwa karne ya 19, na Ng'aragu ya Mianga mwaka 1943, ambayo ilipata jina lake kwa sababu watu walikula unga wa mihogo. Mwaka 1984 mvua ilikosekana. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi, barabara nyingi za kutoka Bonde la Ufa zilifungwa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu nchi nzima kwa muda wa saa nyingi. Sababu zilikuwa mbalimbali, lakini matokeo yalikuwa ya namna moja: kile kilichozoea kufika kwa barabara au kwa waya hakikufika.

Kwa hiyo kujiandaa si dalili ya woga, wala si kuitabiria nchi mabaya. Ni kazi ya kawaida ya mwenye nyumba, kama kuezeka paa kabla ya masika. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni la kweli kwa fedha na kwa wema, lakini kwa chakula lina sharti lake: akiba haiozi ikitunzwa vema. Ikitunzwa vibaya huoza, tena huweza kuua. Watu wa Thika wana sababu ya kulijua jambo hilo kuliko wengi.

YALIYOTOKEA MWAKA 2004

Katika mwaka 2004 ugonjwa wa ajabu uliingia katika wilaya za Makueni na Kitui, na vilevile katika Machakos na Thika. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Hadi mwezi wa Julai watu 317 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 125 kati yao walikufa. Waganga walipochunguza waligundua kwamba ugonjwa haukutokana na mbu wala na maji machafu. Ulitokana na mahindi.

Mahindi yasiyokauka huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika, hata ugali ukikaa motoni saa nzima. Uchunguzi wa mwaka ule ulionyesha kwamba walioumia zaidi ni wale waliokuwa wameyaweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Watu hao hawakuwa wavivu. Walikuwa wamelima, wamevuna na kuweka akiba. Kilichokosekana ni ukavu.

Hili ndilo somo la kwanza kwa kila mtu anayetaka kuwa na chakula cha kutosha nyumbani kwake. Kazi ya kuweka akiba haianzi kwa kununua magunia mengi. Huanzia katika kukausha.

KUKAUSHA NA KUPIMA MAHINDI

Mahindi yavunwe mara yanapokomaa, yasiachwe shambani kunyeshewa. Yasianikwe juu ya udongo mtupu, kwa maana ukungu hukaa udongoni. Yatandazwe juu ya turubai au mkeka, yageuzwe mara kwa mara, na jioni yafunikwe yasipate umande. Wakati wa kupukuchua, punje zisipigwe kwa fimbo hata zikavunjika, kwa kuwa punje iliyovunjika ni mlango wa ukungu na wadudu. Punje zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zenye ukungu zichaguliwe na kutupwa mbali. Wasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo hudhuru wanyama pia, na hupita hata katika maziwa.

Mahindi ya kuhifadhi yafaa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu. Mashine ya kupimia ni ya bei kubwa, lakini liko jaribio ambalo mtu yeyote aweza kulifanya kwa chupa na chumvi.

Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia punje za mahindi mpaka zifike kama theluthi ya chupa. Ongeza vijiko vitatu vikubwa vya chumvi kavu. Funga, kisha utikise kwa dakika tatu, halafu uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yangali na unyevu na hayafai kuwekwa. Chumvi isipogandamana, mahindi yamekaribia. Hata hivyo ni busara kuyaanika siku moja zaidi kabla ya kuyafunga, kwa sababu jaribio hili huonyesha unyevu uliozidi asilimia 15 tu.

Jaribio hili si la wakulima peke yao. Mama wa Ruiru anayenunua gunia sokoni, na mwenye kuyapeleka mahindi kwenye mashine ya posho, wote yawapasa kulifanya. Mwuzaji mwaminifu hataona vibaya.

MAHALI PA KUWEKA

Mahindi yakiisha kukauka, adui wa pili ni wadudu. Fukusi ni wa zamani. Lakini tangu miaka ya 1980 ameenea nchini mdudu mwingine mkali zaidi, dumuzi, aliyeletwa Afrika kutoka nchi za Marekani ya Kati. Wakulima wengi wa Kenya humwita Osama, na huweza kuligeuza gunia zima kuwa vumbi katika miezi michache.

Njia iliyo nyepesi ya kuwashinda wadudu hawa ni kuwanyima hewa. Siku hizi maduka ya pembejeo huuza mifuko isiyopitisha hewa, ambayo hufungwa ndani ya gunia la kawaida. Na wengine hutumia mapipa ya bati yenye kifuniko kinachobana. Mahindi hujazwa, hewa husukumwa nje, na mdomo hufungwa kwa nguvu. Wadudu waliomo huimaliza hewa iliyobaki na kufa, bila dawa yoyote. Ila mfuko wa namna hii usitiwe kamwe mahindi yasiyokauka, maana unyevu utafungiwa ndani pamoja na ukungu wake. Tena usifunguliwe kila siku. Chakula cha juma moja kitolewe mara moja na kuwekwa katika chombo kidogo, na gunia lifungwe tena.

Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, ili hewa ipite na panya waonekane. Kila gunia liandikwe tarehe lilipowekwa, na la zamani liliwe kwanza.

Ni kiasi gani kinachotosha? Kila nyumba na ijipimie. Nyumba inayopika kilo mbili za unga kwa siku itamaliza gunia la kilo 90 kwa siku 45. Kwa hiyo magunia mawili ni chakula cha miezi mitatu, yaani muda ule ule ambao daraja la Chania lilifungwa. Asiyeweza kununua gunia kwa mara moja aongeze kilo mbili kila anaponunua posho, wakati wa mavuno ambapo bei ni nafuu. Kukimbilia dukani siku ya hofu ni kununua ghali, na ni kumnyang'anya jirani aliye maskini zaidi.

MAHARAGWE NA VYAKULA VYA ARDHINI

Mahindi peke yake hayajengi mwili. Yafaa yafuatane na maharagwe, na katika jambo hili Thika ina sifa yake. Katika kituo cha utafiti wa mimea cha hapo Thika ndipo palipokuwa makao ya mradi wa mikunde, na herufi GLP ambazo wakulima huziona katika mifuko ya mbegu zinatokana na jina la mradi huo. GLP 92, ambayo wengi huiita Mwitemania, na GLP 1004, Mwezi Moja, zinafaa sehemu zenye mvua chache, kama zile zinazoteremka kutoka Thika kuelekea Kilimambogo. GLP 2, Rosecoco, hupenda mvua ya kutosha. Maharagwe nayo hukaushwa na kufungiwa pasipo hewa kama mahindi.

Wazee walikuwa na ghala nyingine isiyo na paa, nayo ni ardhi yenyewe. Mihogo na viazi vitamu hukaa udongoni mpaka vitakapohitajiwa, na nduma hustawi pembeni mwa kijito. Mtu mwenye robo eka ya kahawa au ya mboga za kuuza aweza kutenga mistari michache ya vyakula hivi asivyovigusa ila wakati wa shida. Ila mihogo michungu ina sumu ikiliwa mibichi; sharti imenywe, ilowekwe na kupikwa vizuri.

MAJI YA PAANI

Nchi ya Thika ina mito mingi, na bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, linayachukua maji ya mto Thika na kuyapeleka Nairobi. Hata hivyo watu wengi wanaoishi kati ya Ruiru na Thika wanaujua mfereji mkavu. Dawa yake iko juu ya vichwa vyao.

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mabati la mita sita kwa nane ina mita 48 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 20, jambo la kawaida katika mwezi wa Aprili, paa hilo hupokea lita 960. Na hata sehemu ya tano ikipotea, zitabaki zaidi ya lita 750. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 1,000 litawatosha siku kumi.

Maji ya kwanza ya kila mvua yaachwe yamwagike, kwa kuwa yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunikwe na kutiwa wavu, mbu wasizaliane humo. Maji ya kunywa yachemshwe. Kuni zikikosekana, maji yaliyo maangavu yatiwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zilazwe juani tangu asubuhi kwa saa sita. Siku za mawingu, ziachwe siku mbili. Nguvu ya jua huviua vijidudu vya kuhara.

BUSTANI KATIKA GUNIA

Wengine watasema, “Maneno haya ni ya wenye mashamba, sisi wa Ruiru tunapanga chumba kimoja.” Ni kweli kwamba palipokuwa mashamba ya kahawa na katani sasa pana majumba ya ghorofa. Lakini mboga haihitaji eka. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo yenyewe ilianzisha mpango wa bustani milioni moja za jikoni, na bustani ya gunia ni mojawapo ya namna zinazofaa mjini.

Gunia husimamishwa mahali penye jua. Katikati huwekwa kopo lisilo na kitako, lililojazwa mawe madogo. Kando yake hutiwa udongo uliochanganywa na mbolea ya samadi. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo na kujazwa mawe tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe isimame katikati. Maji humwagwa juu ya mawe, nayo huenea gunia zima. Miche ya sukuma wiki hupandwa juu, na mingine katika matundu yaliyokatwa ubavuni. Managu, terere na kunde hustawi pia. Maji yaliyosuzia mboga au mchele yasitupwe, ni ya bustani. Lakini maji ya mtaro wa viwanda au ya choo yasitumiwe kamwe.

Mboga zikizidi, majani ya kunde huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika chache, kisha hukaushwa kivulini na kuwekwa katika chombo kilichofungwa. Mama zetu wa zamani walifanya hivyo kabla barafu haijaingia majumbani, na umeme ulipozimika mwaka 2023 chakula kilichokauka hakikuharibika.

MOTO, TAA NA KARATASI

Anayepika kwa gesi awe na jiko la makaa pembeni. Tena ajifunze kutumia kikapu cha kupikia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku huchemshwa kwa nguvu kwa nusu saa, kisha sufuria hufungiwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa au sponji, nayo huendelea kuiva yenyewe kwa saa tatu au nne bila moto. Kabla ya kula, yachemshwe tena. Kuni hubaki, na mama hupata nafasi ya kazi nyingine.

Lakini likumbukwe neno moja: jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa wakati wa kulala, hata baridi ya Julai iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wengi walioiota hawakuamka.

Tangu mwaka 2007 fedha nyingi za Kenya zimekaa ndani ya simu. Simu iliyozimika ni sanduku lisilo na ufunguo. Kwa hiyo yafaa kuwa na taa ndogo ya jua inayoweza pia kutia simu nguvu, na kuweka nyumbani fedha kidogo za noti ndogo. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na hati za shamba viwekwe pamoja katika mfuko usioingiza maji, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua.

JIRANI NI AKIBA PIA

Hakuna nyumba iwezayo kujitosheleza kwa kila kitu. Mmoja ana tangi, mwingine ana kuku, wa tatu anajua kupandikiza miche, wa nne ni muuguzi. Vyama vya akina mama vinavyokusanya fedha kila juma vyaweza pia kununua mahindi pamoja wakati wa mavuno, kuyapima kwa chupa moja ya chumvi, na kununua mifuko kwa bei ya jumla. Anayeshindwa na jambo lolote la shamba na amwendee afisa wa kilimo wa sehemu yake. Na mtu akiona macho ya manjano na tumbo kuvimba baada ya kula mahindi ya shaka, aende hospitali upesi bila kungoja, achukue na kiasi cha mahindi hayo yapimwe.

Leo watu wanavuka daraja la Chania bila kuulizwa na mtu, na malori ya mananasi na ya maziwa yanapita usiku na mchana. Huu ndio wakati wa kujiandaa, maana mahindi hayakaushwi siku ya mvua, wala tangi halijengwi siku ya kiu. Mwenye nyumba anayetaka kuanza na aanze na lililo dogo: chupa moja ya kioo, vijiko vitatu vya chumvi, na konzi chache za mahindi aliyo nayo jikoni. Baada ya robo saa atajua kama alichokiweka ni akiba kweli, au ni hatari aliyoifungia ndani mwake.